Homa Hainyoi Watu

Homa ya matumbo ilinilaza wodini Kilosa mwezi mzima, mwaka ule tuliohamia kijiji cha ujamaa. Nikapona. Miezi miwili baadaye, nimesharudi kulima shamba la kijiji, nywele zikaanza kupukutika. Nikichana, zinatoka mafungu. Muuguzi akasema nisihangaike, homa ndiyo iliyozidondosha, zitaota tena zenyewe. Haya, zitaota, lakini mimi nilichoka kuokota nywele kwenye unga. Nikamwomba jirani anipitishie wembe, akaninyoa zote.

Majuto ni mjukuu. Kwetu mwanamke hanyoi kichwa hivi hivi, hunyoa akifiwa.

Nilikwenda Rudewa kumwona mama, aliyekuwa mgonjwa wa miguu, hatoki kitandani. Nikainama kumwamkia, kitambaa kikateleza kichwani. Shikamoo yangu haikuitikiwa. Aliuliza tu, "Lini?"

Nilijua anamsema nani. Kaka yangu, mwanawe wa kiume pekee, alikuwa akikata miwa Kidodi, na tangu masika hatukupata habari zake. Nikamweleza mama mambo ya homa.

"Homa hainyoi watu," akasema.

Nikaapa. Wapi. Kwetu mgonjwa haambiwi msiba mpaka ndugu wakusanyike. Akiuliza, watu hukana. Kwa hiyo kadiri nilivyokana ndivyo alivyozidi kuamini. Nilimkasirikia, kisha nikajikasirikia mwenyewe.

Ikabidi nimfuate huyo kaka. Nikapanda basi hadi Mikumi, halafu nikaomba lifti kwenye lori la miwa. Nikamkuta mzima wa afya, amenenepa, anacheka kipara changu. Nilikuwa hoi, sikuwa na nguvu hata ya kumtukana. "Twende," nikamwambia, "mama anakulilia matanga."

Kwenda na kurudi zilipita siku nne. Tulimkuta mama ameketishwa mlangoni, naye ameshanyolewa. Kaka akapiga magoti, akamwamkia. Mama akampapasa mashavu, masikio, mabega, taratibu. Nilitegemea atafurahi.

"Marahaba," akasema hatimaye. "Nimeshakulilia, mwanangu. Machozi yamekwisha. Sasa kaa hapa unizike."

Kaka hakurudi Kidodi. Alikaa wiki mbili, akamzika.