Mama ameacha damu yake kwa dokta

Leo mama ameacha damu yake kwa dokta, tukarudi nyumbani na goti lile lile.

Ngoja nieleze nikiwa bado na hasira.

Magoti ya mama yamelika. Asubuhi, kushuka tu kitandani ni kilio. Nilimubembeleza wiki nzima, leo akakubali twende mutaa wa Himbi kwa dokta mumoja anayetibu goti kwa damu ya mugonjwa mwenyewe.

Wakamutoa damu. Wakaizungusha kwenye mashini mpaka maji yake ya manjano yakajitenga. Dokta akayavuta kwenye sindano, akapangusa goti.

Kisha akasema: "Mama, litauma zaidi siku tatu, ine. Usitembee mbali. Usibebe kitu kizito."

Mama akashusha kitenge, akafunika goti.

"Na waasi wakiingia mujini hizo siku tatu?"

Dokta akashusha sindano. Mabomu yalisikika kwa mbali, kama jana, kama juzi.

"Hii goti inauma, dokta, lakini inakimbia."

Hapo nikachemka. (Mbele ya watu, ndiyo. Nisameheni.) "Mama, nitakubeba!"

Hakupandisha hata sauti. "Volkano ya 2002 nilikubeba mugongoni mpaka Sake. Weye haukutembea hata hatua moja. Haujui ni mbali namna gani."

Akavaa viatu, akatoka akichechemea. Mukono wangu aliukataa.

Nyinyi muliotembea siku ile ya volkano, mungemujibu nini?