Nilivyojenga upya ukumbi wa wazee Ihanda huku nikimkimbia mama mkwe

Wakuu, salaam kwenu nyote, walio kazini na walio kijiweni.

Humu nimekuwa msomaji tu kwa muda mrefu, leo na mimi nimeamua kutoa la kwangu. Hii sio chai, imenitokea mwenyewe. Kama kuna mtu wa Ihanda humu ndani atanitambua kabla sijamaliza, namuomba anyamaze tu, aibu niliyoipata inanitosha.

Mimi ni fundi ujenzi, naishi Tunduma. Nimeoa Ihanda, huko Mbozi, na tuna binti mmoja anaitwa Neema.

Pale Ihanda kuna ukumbi wa wazee. Usifikirie jengo la maana sana, ni matofali ya kuchoma na bati. Wazee wanakutana hapo kila siku kasoro Jumapili. Wanapimwa presha, wanakunywa chai, wanasuka vikapu, wanatusengenya sisi vijana. Kwa wajane hasa, hapo ndio nyumbani, kule kwingine wanaenda kulala tu.

Siku moja lori la mbolea likafeli breki kwenye mteremko, likaacha barabara na kuingia kwenye kona ya ukumbi. Ukuta wa mbele chini, nusu ya paa chini. Bahati nzuri wazee wote walikuwa nje wanabishana nani kakalia kiti cha nani. Dereva alikuwa Mzambia, akashuka anaomba radhi, kila neno anamalizia na "mukwai", neno la heshima la kwao. Wazee wakaahirisha ugomvi wakampa chai.

Mwenye lori akakubali kuleta vifaa vyote. Wazee wakakaa kikao kutafuta fundi, mwenyekiti wao akasema asitafutwe mtu wa mbali wakati kuna mkwe wa hapa hapa anayejua kazi.

Wakuu, huyo mwenyekiti ni mama mkwe wangu.

Sasa kwa wale wasiojua mila za huku, ngoja niwaeleze kidogo. Mwanaume na mama mkwe wake hawaonani ovyo. Hamkai chumba kimoja, hamsemeshani ana kwa ana, mkikutana njiani mmoja anakata kona kwenye mahindi. Siku hizi wengi wameacha, wanapiga hadi selfie na wakwe zao. Wangu hajaacha. Miaka tisa ya ndoa, hajawahi kuniambia hata neno moja.

Halafu huyo ndiye anakuwa boss wako wa site.

Utaratibu ukawa hivi. Akifika getini anakohoa mara tatu. Nikisikia tu, natoka mbio upande wa pili. Anaingia, anakagua, anaondoka, na maagizo anamwachia Mzee Nzunda, katibu wao. Huyu mzee zamani alifanya kazi reli, kwa hiyo anajiita injinia. Anagonga kila tofali kwa fimbo, anatega sikio, halafu anatikisa kichwa bila kusema amesikia nini.

Nilikimbia wakuu. Kuna siku nilipita dirishani na mwiko mkononi. Siku nyingine tulikuwa katikati ya kumwaga zege, na mnajua zege halilali, kikohozi hicho. Nikaingia kwenye mibuni na toroli limejaa, nikakaa humo dakika arobaini. Narudi, mzigo umeshaanza kuganda na vijana wangu wamelala chini kwa kicheko. Jioni Mzee Nzunda akaniletea ujumbe kwamba mwenyekiti anauliza kwa nini fundi haonekani kazini.

Yaani nilitamani kulia.

Pamoja na hayo kazi ilienda. Ukuta wa mbele nikaupandisha upya, linta ikafungwa, kenchi za paa zikapanda. Wazee wanakuja kila asubuhi na vigoda vyao, wanakaa nje kwenye baridi wamejifunika mablanketi wanatuangalia. Kila siku swali ni lile lile, tunaingia lini. Mvua za kwanza zilikuwa zinakaribia, na mimi nina kazi nyingine Tunduma inanisubiri, mteja anapiga simu mara nne kwa siku.

Hapa sasa naomba msinitukane.

Ukuta wa nyuma haukuanguka. Ila ulikuwa na ufa, unaanzia chini kwenye msingi unapanda mpaka usawa wa linta. Fundi yeyote anajua, ufa wa aina hiyo unabomoa, unashuka chini kuangalia msingi, unaanza moja. Nilijua vizuri tu. Lakini kubomoa ni wiki mbili zaidi. Nikaujaza udongo wa saruji, nikapiga plasta safi, nikasugua mpaka ukuta unang'aa. Mzee Nzunda akaja akagonga na fimbo, akasema hiyo ndio kazi sasa. Moyoni nikasema imepita hiyo.

Kesho yake mchana vijana walikwenda kula, mimi nikabaki juu ya kenchi naongezea misumari kwenye maungio ya mbao. Nasikia sauti za wanawake ndani, chini yangu kabisa. Kuchungulia, ni mama mkwe na shoga yake, Bibi Salome. Hakukohoa hata mara moja.

Nikaganda hapo hapo. Kushuka siwezi, kwa sababu mama kaweka kigoda chake mguuni pa ngazi na kukaa. Paa upande ule lilishaezekwa, hakuna pa kutokea. Nimekumbatia mbao, mguu mmoja unaning'inia, misumari ipo mdomoni. Nikaomba Mungu waondoke haraka.

Hawakuondoka. Waliongea habari za kwaya, za mbegu za mahindi, za kiuno cha Bibi Salome. Mguu ukafa ganzi. Vumbi la mbao likaniingia puani, nikabana chafya mpaka machozi yakatoka.

Baadaye mama mkwe akainuka, akaenda kwenye ule ukuta wa nyuma, akaweka kiganja pale pale penye ufa. Mimi mwenyewe niliyeupaka nisingepaona haraka vile. Kumbe miaka yote anakaa sehemu hiyo, na katika kukagua kwake, kabla sijapiga plasta, alishaegemea pale akasikia upepo mgongoni. Akaanza kuongea taratibu, anauangalia ukuta, hamwangalii Bibi Salome.

"Nilidhani mwanangu kaolewa na fundi. Kumbe kaolewa na mpaka poda."

Bibi Salome akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi huko juu sikucheka.

Halafu mama akauambia ukuta, safari hii sauti ikiwa ya chini.

"Ukiniangukia mimi hapa, nani atamwambia Neema kwamba wewe ulitengenezwa na baba yake?"

Wakachukua vigoda vyao, wakatoka. Alipofika getini, mama mkwe akakohoa mara tatu.

Wakuu, nilikaa juu ya ile kenchi nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Nilimfikiria Neema. Nikafikiria wale wazee na vigoda vyao kwenye baridi, wananiamini kwa sababu mimi ni mkwe wao, na mimi nawapakia plasta.

Asubuhi nikawakusanya wazee wote. Mama mkwe alikuwepo, kajifunika kanga kichwani, kageukia barabarani, na mimi nimegeukia mibuni, kwa hiyo kikao kizima niliuhutubia mti wa kahawa. Nikasema ukweli wote. Nikasema ukuta ule una ufa, niliujua, niliuficha, leo naubomoa na sitaki malipo yoyote kwa kuujenga tena. Yule mteja wa Tunduma nikamwambia atafute fundi mwingine.

Nilitegemea matusi. Badala yake Mzee Nzunda akasafisha koo akatangaza kwamba yeye alishausikia huo ufa siku nyingi kwa fimbo yake, alikuwa anasubiri tu kuona kama mimi ni muungwana. Wazee wenzake walimzomea mpaka akakaa chini.

Tukapiga nyundo. Chini ya ule ukuta wakuu, mawe ya msingi yalikuwa yamesogezwa na lile lori, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Ule ukuta ungekuja chini na mvua ya kwanza ya maana, na wangekuwa wameuegemea.

Wazee wakasema na wao watasaidia. Wakapanga mstari na vigoda vyao, tofali linapita mkono kwa mkono kutoka kwenye tanuru. Kwa mwendo ule tofali moja lilichukua kama robo saa, maana kila mtu lazima aligeuze, alisifie au alikatae, na kuna moja lilirudishwa mwanzo kabisa kwa sababu Bibi Salome hakulipenda. Mvua ilitukuta hatujamaliza, tukajenga chini ya turubai. Lakini msingi nilichimba mpaka nikakuta udongo mgumu, nikaweka nondo, sikupunja hata kokoto.

Siku ya kuingia, mchungaji akaomba, akafungua mlango. Hakuna aliyeingia. Wazee wote wamesimama nje wananitazama mimi. Mzee mmoja akasema fundi atangulie, akasimame chini ya kazi yake.

Nikaingia peke yangu, nikasimama kwenye ukuta wa nyuma. Hesabu zangu zilikuwa nisimame kidogo, halafu nitokee mlango wa pembeni kabla mama mkwe hajaingia.

Mlango wa pembeni ulikuwa umefungwa kwa nje. Madirisha nimeyawekea grili mwenyewe.

Mama mkwe akaingia, hakukohoa. Nilitafuta pa kujificha nikaishia kuangalia viatu vyangu. Akapita hadi mahali pake, akaweka kigoda, akakaa, akauegemea ukuta kwa mgongo wote, akafumba macho. Alikaa hivyo muda, wazee wakimwangalia kutoka mlangoni. Akafumbua macho akanitazama usoni, mara ya kwanza kwa miaka tisa.

"Baba Neema, mbona umekonda hivyo? Jumapili uje nyumbani ule."

Nikajibu shikamoo mama. Hapo ndipo wazee wengine wakaingia, na dakika haikupita ugomvi wa viti ukaanza upya.

Nilichojifunza ni kimoja tu. Kabla hujaficha ufa, mjue kwa jina mtu atakayekaa chini yake. Mafundi wenzangu mliowahi kupaka poda, tiririkeni hapa bila kuogopa, mimi nimeshajianika.

Na wenye uzoefu wa wakwe naombeni msaada wa haraka. Mtu unapokwenda kula kwa mama mkwe kwa mara ya kwanza, unabeba nini, unakaa upande gani wa meza, na akikuongezea ugali unaruhusiwa kukataa? Jumapili ni keshokutwa.