Vidonge vya Kushikilia Mimba

Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na Mwaisha wa Bigwa hakuwa na dada. Kila mimba aliyoshika ilitoka. Miaka ya sabini mwanzoni, daktari wa hospitali ya shamba la mkonge akampa vidonge vya kushikilia mimba. Alivimeza mpaka miezi ikatimia, akamzaa Zuleha. Mashamba ya bibi zake yakapata mrithi.

Zuleha akakua, akaolewa na Hashimu, fundi baiskeli. Mimba zake nazo zikawa zinatoka. Hospitali wakasema kizazi chake hakikuumbika sawasawa. Hashimu akaoa kwingine. Zuleha akarudi kwa mama yake, wakawa wanalima njegere na kabichi mlimani.

Zuleha alikuwa ameshakoma hedhi alipoanza kutokwa damu. Aliona aibu, akanyamaza, hadi alipoanguka shambani. Mjini wakamkata kinyama wakakipima. Ilikuwa saratani ya njia ya uzazi. Daktari Juliana akamwita na mama yake.

"Shikamoo bibi. Ulipokuwa na mimba yake, ulitumia dawa yoyote?"

"Marahaba. Nilipewa vidonge, mimba isitoke."

"Kuna homoni za kiwandani walizokuwa wakiwapa wajawazito miaka hiyo. Baadaye baadhi ya mabinti waliokuwa tumboni wakapata saratani ya aina hii. Siwezi kuapa kwamba ndizo ulizopewa."

"Lakini mimba yake ilishika."

"Hapana, bibi. Walipochunguza, waliona dawa hizo hazikusaidia."

Mwaisha akamgeukia binti yake. "Kwa hiyo ungezaliwa tu."

"Mama, uliambiwa ni dawa."

"Nilimeza kwa mkono wangu."

Zuleha akapelekwa Dar es Salaam kwa mionzi. Akapata nafuu, akapika, hata akapanda mlimani mara moja. Kisha kikohozi kikaanza. Ugonjwa ulikuwa umefika mapafuni. Mwaisha, mgongo umeshapinda, alimwogesha na kumnywesha uji. Hawakuzungumzia tena vile vidonge. Zuleha alipougua kwa maumivu, mama yake alitoka nje akasimama ukutani, kisha akarudi.

Zuleha alifariki masika, akazikwa mvua ikinyesha.

Arobaini ilipopita, ndugu wa tawi jingine la ukoo wakaja kuuliza mipaka ya mashamba. Mwaisha alitangulia mbele, akawaonyesha mmoja baada ya mwingine. Mmoja wao, Mwaname Luqmani, akamuuliza angependa kubaki na kipande gani.

"Chukueni vyote," alisema, akageuka kurudi nyumbani.