Ubao wa Wifi Mwanaisha

Mashavu wa Manundu ameuza kashata na visheti stendi ya Korogwe kwa miaka kumi na minane, akikimbilia madirisha ya mabasi na sinia kichwani. Kwa sinia hilo alimsomesha bintiye Rukaya mpaka akamaliza chuo cha uuguzi. Kwa hiyo siku ya sherehe ya mahafali, nyumbani kwake, alitaka jambo moja tu: kwenye kulishana, mwanawe amlishe kashata za mama yake, na watu wote waone.

Bahati mbaya alikuwa na wifi. Mwanaisha, dada wa marehemu mumewe, alikuja kutoka Tanga na begi la chokoleti na biskuti za krimu, pamoja na ubao uliopakwa vanishi, mpana kama mlango wa banda la kuku. Kwenye simu yake alikuwa na picha ya ubao kama ule, umejazwa vitamutamu mpaka hapana pa kuweka kidole. Ndio mtindo wa siku hizi, alisema, keki zimeshapitwa na wakati.

"Na kashata zangu ziwekwe kona ipi, wifi?" Mashavu aliuliza.

"Kashata ni za stendi, wifi yangu. Leo wanakuja walimu wa chuo. Wewe nisaidie tu kupanga."

Mashavu akacheka kicheko kizuri kabisa. Anayemfahamu angeogopa. Kisha akaketi, akapanga kama alivyoagizwa: chokoleti katikati kwa mviringo, biskuti zikizizunguka, zabibu, vipande vya nanasi, na vile vidude vyeupe laini ambavyo hata Mwanaisha hakujua vimetengenezwa kwa kitu gani. Alivipanga vizuri mno, kwa sababu mikono yake haijui kazi mbovu hata kwa mtu aliyemuudhi. Mwanaisha akaufunika ubao kwa kitambaa, akaenda kujipodoa.

Sasa, Mwanaisha amedekezwa na upepo wa Tanga mjini. Hakujua jinsi jua la Korogwe linavyochungulia chini ya turubai ikifika saa nane mchana. Mashavu alilijua, maana turubai lilifungwa uani kwake. Akaanza kupitapita. Kila alipopita na jagi la maji, meza iliyowekwa ule ubao ilipigwa nyonga moja, ikasogea kidogo kuelekea ukingoni mwa turubai.

"Watu wapate njia," aliwaeleza majirani, ingawa hakuna aliyekuwa ameuliza.

Dhamiri ilimsuta? Ilimsuta, kama robo saa hivi. Halafu akakumbuka lile neno "za stendi", ikanyamaza.

Wageni walipomaliza pilau, mshereheshaji akatangaza zamu ya kulishana: mhitimu ataanza na mama yake, kisha wakubwa wengine kwa heshima zao. Mwanaisha akasimama na gauni lake jipya, akakivuta kile kitambaa kwa madaha. Chokoleti zilikuwa zimegeuka uji. Uji ulikuwa umeingia kwenye biskuti, vile vyeupe vimezama nusu, na kitambaa kiliondoka na zabibu tatu.

Walimu wa chuo wakatazama pembeni kwa adabu.

"Jamani, pole wifi," Mashavu akasema kwa huruma kubwa. "Bahati nzuri nilikuwa na kidogo cha watoto."

Akainama, akavuta kutoka chini ya meza masinia mawili yaliyojaa pomoni. Wifi yake alimkata jicho ambalo halitapoa mpaka Idi.

Rukaya, na joho lake mwilini, akachagua kashata ya karanga, akamwinamia mama yake.

"Mama, nimekuona na ile meza," akamnong'oneza.

Mashavu aliona haya, haya ya kweli. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuharibia sherehe."

"Na mimi nimeisukuma mara mbili. Wewe ulikuwa unaisogeza kidogo mno. Haya, fungua mdomo."

Akafungua. Vigelegele vikapigwa. Kwa miaka kumi na minane Mashavu alikuwa amewapa watu kashata kupitia madirishani, na hii ilikuwa ya kwanza kutiwa kinywani mwake na mkono wa mtu mwingine. Alishindwa kuitafuna. Akabaki nayo mdomoni, analia mbele ya walimu wa chuo.