Fungu la Sita

Juzi nilikuwa dukani Kibiti nikingoja chumvi. Akaingia mama mmoja aliyekimbia Ngarambe baada ya askari kuchoma ghala lake, akabadilisha mikeka miwili kwa pishi moja ya mtama. Akaumwaga juu ya kanga yake, akaanza kuugawa kwa kiganja.

"Mko wangapi?" akauliza mwenye duka.

"Watano, baba. Mama mkwe wangu, watoto watatu na mimi."

"Mbona mafungu sita?"

"Hili la baba watoto. Alikwenda vitani kabla ya mavuno."

"Mwanangu, anayekula ni aliyepo. Wagawie watoto fungu hilo, mvuke siku mbili zaidi."

Nami nilikwisha kufungua kinywa kumuunga mkono, maana kwangu nasifiwa kwa kubana matumizi.

Yule mama akalifunika fungu lile kwa mkono.

"Nikiligawa, baba, mama mkwe ataniuliza nimesikia habari gani za mwanawe."

Mwenye duka akainamia mizani yake. Mama akafunga mafungu yote sita, akatoka akiwauliza wapita njia kama kuna aliyetoka Ngarambe. Mimi nikafumba kinywa changu, nikasahau hata chumvi.