Nilificha jina la mama wa Machame, nikaacha zamu yake ya maji

Wakuu, kwema? Haya yamenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa.

Wiki tatu nimekosa usingizi kwa swali moja: ukibadilisha jina la mtu, umemficha kweli?

Nilihitimu mwaka jana, niko Moshi natafuta kazi. Utafiti wangu ulihusu watu wa Machame walivyoanza kutumia intaneti. Zamani jirani na kanisa kulikuwa na kituo chenye kompyuta mbili. Wengi hawakujua kuchapa, kwa hiyo walimweleza karani, naye akaandika kwenye jukwaa la kijiji. Ng'ombe anaumwa, nani ana mbegu, kahawa inauzwaje. Wengine wanajibu.

Website hiyo bado iko hewani, yeyote anaisoma.

Humo nilikuta swali la mama mmoja mjane kuhusu familia yake. Sitalirudia hapa, nimeshalisema vya kutosha. Jueni tu kwamba likijulikana, mwanawe wa mwisho anaweza kunyang'anywa kihamba, lile shamba la ukoo wanaloishi.

Nikalinukuu kwenye utafiti. Jina nikabadilisha, nikajiona mstaarabu. Ila niliacha humo maelezo kwamba zamu yake ya maji kwenye mfereji ilikuwa Alhamisi, na kwamba alifuga ng'ombe wa pembe moja.

Kule kwetu hilo ni jina tosha.

Halafu nikasema utafiti usiozee kabatini, urudi kwa wananchi. Nikatuma PDF kwenye group la WhatsApp la kijiji. Shemeji wa yule mjane akasoma, akaitisha kikao cha ukoo kuhusu kihamba.

Mama hana smartphone. Akaamini aliyetoa siri ni yule karani, ambaye sasa ni mzee. Akaacha kuitikia salamu yake, hata kanisani.

Mimi najua ukweli, nimekaa kimya. Naandika message, nafuta. Akinifukuza je? Na nikienda, si nitakuwa nimewathibitishia watu kwamba ni yeye?

Mwishowe nikamwambia mama yangu. Akanijibu, "Uliharibu kwa kuandika, usitengeneze kwa kuandika. Beba isale uende."

Isale ni lile jani Wachagga tunalobeba kuomba msamaha. Ukiletewa, unasikiliza.

Nikaomba chuo kiondoe ile sura ya utafiti. Kwenye group muda wa kufuta ulishapita, na waliopakua wamepakua. Jumamosi nikapanda Machame.

Nikamwamkia yule mjane, nikampa isale kwa mikono miwili, nikaeleza yote.

"Wiki tatu nimemnyima salamu mzee wa watu," akasema.

Akalishika vizuri lile jani, akaendelea.

"La kwako nimelipokea. Sasa nenda kachume lingine hapo mpakani mwa shamba, mwanangu. Na mimi nina mahali pa kulipeleka."

Kikao cha ukoo hakijafutwa, na sijui kihamba kitabaki kwa nani. Nilichojifunza ni kwamba kitu kuwa wazi mtandaoni si ruhusa ya mwenyewe. Mliowahi kunukuu watu, mliwauliza kwanza? Semeni, hata kama ni kunilaumu.

Nikachuma lile isale la pili. Tukashuka wote wawili mpaka kwa karani.