Siku Marashi Yangu Yaliposimamisha Soko la Samaki

Nakumbuka asubuhi moja kule Port Victoria, nilipokuwa msichana, nilisimamisha biashara ya ufuo mzima bila kumgusa samaki hata mmoja. Mwanangu, nakuhadithia kwa sababu Jumatatu unaanza kazi kwenye ile zahanati ya Nyamasaria, na jana ulipopita sebuleni ukijaribu marashi yako mapya, mzee wangu alipiga chafya mpaka meno yake ya bandia yakamtoka. Sikucheka mbele yako. Nilikwenda kuchekea jikoni.

Wakati ule huyu mzee alikuwa kijana anayeitwa Otieno, na alikuwa amenipenda. Mimi nilimpenda zaidi, ila hilo usimwambie. Shida ilikuwa mama yake, mjane mchuuzi wa samaki. Otieno alinieleza wazi kwamba mama akinikataa, basi, yeye hana ubavu wa kumpinga. Kwa hiyo nikaalikwa kwao nikae siku kadhaa, mama anitazame.

Mimi, mtoto wa Kisumu mjini, nikajiandaa kwa akili zangu. Nilinunua marashi mazito ya kwendea arusi, na mwenye duka akanionya kwamba tone moja linatosha. Tone moja! Nilimwona mchoyo, kana kwamba chupa bado ni yake. Asubuhi ile nilijipaka shingoni, mikononi na kwenye nywele, kisha leso yangu nikainyunyizia kama mtu anayemwagilia sukuma wiki. Nilitaka mama mkwe aone amepata mkwe msafi.

Sasa lazima uelewe mama yule alivyonunua samaki. Hakujali ukubwa wala maneno ya muuzaji. Alimfungua samaki matamvua, yale mashavu mekundu anayopumulia, akaingiza pua humo na kufumba macho. Akikubali, wanawake wenzake nao walinunua. Akikataa, mvuvi alianza kujitetea, maana ufuoni pale kila mtu aliiamini pua ya Mama Otieno.

Tulifika mitumbwi ikishusha samaki. Njia nzima yeye alikuwa mbele sana, mimi nyuma na beseni, lakini pale nikamganda. Akachukua ngege mkubwa, akamnusa, akakunja uso. Akamnusa tena.

"Hii samaki mmeosha na sabuni," alimwambia mvuvi.

"Mama, sabuni natoa wapi? Samaki imetoka kwa maji saa hii!"

"Inanukia maua. Tangu lini samaki ikanukia maua?"

Akahamia mtumbwi wa pili, na mimi huyo nyuma yake. Maua. Akaenda wa tatu. Maua matupu. Mama akatangaza kwamba wavuvi wamekula njama kuwaficha samaki waliolala tangu jana. Wanawake wengine wakaja kunusa wenyewe, na kwa kuwa nilifunzwa adabu kwetu, nilimsogelea kila mmoja nimshikie beseni lake. Kila mmoja akasikia maua. Mabeseni yakawekwa chini, hakuna aliyenunua tena, jua likazidi kuwachoma samaki wa watu na wavuvi wakaanza kutukana.

Pua yangu ilikuwa imeshazoea, haikusikia chochote. Lakini nilitaka kupendwa, mwanangu, na mtu anayetaka kupendwa husema upuuzi mwingi. Nikapaza sauti, "Ni kweli, Mama. Hata mimi naisikia hiyo sabuni."

Kulikuwa na mzee mmoja mwenye mtumbwi, ambaye muda wote alikuwa akinitazama. Akaniita nyar Kisumu, yaani binti wa Kisumu, akasema, "Hebu enda simama kule kwa nyavu." Nikaenda. "Mama, nusa sasa." Mama akanusa, akasikia samaki. Nikaitwa, nikarudi, akasikia maua. Nikatumwa tena. Kufikia hapo ufuo mzima ulikuwa umeelewa isipokuwa mimi, na watu wote walikuwa wakiniimbia, "Enda! Rudi! Enda!" Mwanamke mmoja alicheka mpaka akakalia dagaa wake wa omena.

Mama Otieno hakucheka. Aliwaendea wavuvi mmoja mmoja, akawaomba radhi mbele ya watu, yeye ambaye pua yake haikuwahi kukosea. Kisha akanunua samaki wake, nami nikiwa nimesimama palepale kwenye nyavu, nalia. Nilijua Otieno amenipotea.

Nyumbani akanipa ndoo ya maji na sabuni ya kipande. Nilijisugua mpaka ngozi ikawaka moto, na bado nilinukia arusi nzima. Nikafunga mzigo wangu. Nilipotoka kumuaga, nilimkuta kwenye kigoda akiparua magamba.

"Kuja hapa," akasema. "Karibia. Karibia kabisa, yawa, sikuli! Nusa." Akanielekezea shingo yake.

Nilidhani ndiyo adhabu yangu, kwamba na mimi ninuse samaki mpaka nikome. Nikainama.

Mapera. Mapera yaliyoiva, na maua fulani mepesi, kidogo sana hata nikadhani najidanganya. Nilikuwa nimelala chumba kimoja na mama huyu tangu nifike, na sikuwahi kujua.

"Napaka kila siku," alisema. "Nanunua kwa wale Waislamu, pale Kisumu. Kidogo tu, chini ya sikio. Mkono hapana, mkono ni ya kazi. Baba Otieno peke yake ndiye alikuwa anajua. Tangu tumzike, hakuna mtu amekaribia hapa." Akaendelea kuparua. "Sasa wewe umejua. Weka huo mzigo chini, unisaidie na hii samaki."

Nikauweka chini. Sijaubeba tena mpaka leo.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Yale mazito waachie watu wa arusi. Kwa siku za kazi tafuta marashi mepesi, ya matunda na maua, upake kidogo, tena mbali na mikono, maana watakuja wagonjwa wenye vichwa vinavyogonga na matumbo yaliyochafuka, na hawatakuwa wamekuja kukunusa wewe. Uingie wewe kwanza, marashi yako yaje nyuma, na yasimfikie ila aliyekusogelea. Hata moyo wako ni hivyo hivyo. Usiumwage wote mlangoni eti upendwe haraka, utawavuruga watu pua na wewe mwenyewe hutajua wanacheka nini.

Nenda kazini kwa amani. Mungu akulinde barabarani, aibariki mikono yako kwa kila mgonjwa utakayemshika, na akujalie, hata ukizeeka kama mimi, usikose mtu wa kukaa karibu nawe kiasi cha kujua unavyonukia.